Fundi wa vitanda anayelala juu ya benchi

Saa moja kasoro robo asubuhi, fundi wa vitanda anaamka juu ya benchi la kurandia mbao. Anakaa kitako kwanza, anashika kiuno, anautazama mlango wa karakana kama mtu aliyesahau ulipo. Kisha anashuka, anakung'uta blanketi, na maranda yanaruka hadi kichwani mwa mwandishi wa makala haya, aliyekuja mapema ili amwone akianza kazi na badala yake amemkuta hajamaliza kulala.

"Samahani," anasema. "Ukilala na maranda, unaamka nayo."

Benchi lenyewe si ajabu sana. Ajabu ni kwamba karakana hii ndogo ina vitanda saba vipya, vimepakwa vanishi vinang'aa, vimemzunguka pande zote. Yeye amelala katikati yao juu ya ubao wa futi mbili, na mto wake ni koti lililokunjwa.

"Kitanda cha mteja hakilaliwi," anaeleza, akionekana kushangaa kwamba swali hilo linaulizwa. "Mtu anatoa pesa yake ili ubavu wa kwanza kukigusa uwe wake. Nikikilalia mimi, nitakuwa nimemuuzia mtumba."

"Na kitanda chako mwenyewe?"

"Kipo."

"Nani anakilalia?"

"Wenyewe," anajibu, na kuchukua randa.

Mafundi wenzake wanamwita Sita, kifupi cha sita kwa sita, kitanda cha futi sita kila upande ambacho ndicho kilichompatia sifa. Ana miaka thelathini na minne, na kumi na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye vitanda tu. Meza hatengenezi. Milango hatengenezi.

"Mlangoni mtu anapita tu," anasema. "Kitandani ndiko anakougulia, anakogombana, na anakopatana. Nimechagua kazi moja yenye mambo mengi."

Mwezi ukiwa mzuri hutoa vitanda vikubwa vinne au vitano. Siku hizi vya watoto wachanga vinakaribia kuvipita. Anasema sababu ni kodi: vyumba vimekuwa vidogo, kodi imekuwa kubwa, na wanandoa wengi wanalea mtoto wa kwanza katika chumba kimoja chenye kila kitu, kuanzia jiko na kabati mpaka ndoo za maji na wao wenyewe.

Wateja wa kwanza leo ni watu wa namna hiyo, mume na mke mwenye mimba kubwa. Mume anataka kitanda cha mtoto kiwe miguuni pa kitanda chao. Mke anakitaka kando yake. Inaelekea wamebishana njia nzima, maana wameingia hawasemeshani.

Fundi anachukua chaki, anapiga magoti, anaanza kuchora chumba chao sakafuni. Mlango unafungukia ndani au nje? Dirisha liko wapi? Jiko? Baada ya majibu matatu chumba kimejaa chini pale, na wawili hao wameinama wakikitazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakiona.

"Chini ya dirisha hapana. Nyuma ya mlango hapana, utamgonga ukiingia," anaamuru. "Kando ya mama, kimo kilekile na kitanda chenu, fito zikaribiane kichwa kisipite. Mto usimwekee. Mama, wewe lala upande huu. Baba, wewe nenda ukutani, na ukae hukohuko."

"Ukutani?" mume analalamika. "Na nikitaka kutoka?"

"Utapitia miguuni, kama wenzako."

Wanacheka, wanakubaliana juu ya rangi ya vanishi, wanaondoka wakizungumza. Mwandishi, ambaye ameona ndoa ikinyooshwa kwa kipande cha chaki, anauliza swali lililokuwa linakuja lenyewe: kwake fundi mwenyewe wanalalaje?

Fundi anaitazama ile michoro. Anaifuta kwa kiatu.

"Kwangu ni hesabu nyingine," anasema.

"Kinyozi hajinyoi," inasema sauti kutoka pembeni.

Ni mama mmoja mwenye miaka hamsini na kitu, anayepaka vanishi karakanani, na ambaye si shangazi wa yeyote hapa lakini kila mtu anamwita Shangazi. Hainui kichwa anaposema, na brashi haisimami.

Siku hiyo mwandishi alijitahidi kupata jibu, na alilipata mara nyingi mno. Asubuhi fundi alisema analala karakana kwa sababu kuna kazi ya haraka. Saa nne alisema ni kwa sababu mama mkwe amekuja kumsaidia mkewe na chumba hakitoshi. Karibu na mchana ikawa anakoroma, na mtoto anashtuka. Zilikuwa sababu tatu, kila moja ina miguu yake ya kusimamia, na hakuna iliyokuwa inaijua mwenzake.

"Mimi aliniambia mtoto analia," alisema Shangazi, fundi alipotoka kwenda kupima mbao. "Nimelea wanne. Mtoto wa kulia mpaka baba ahamie kazini sijamwona bado. Huu mwezi wa pili sasa, kijana analala kwenye ubao kama maiti. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, mwanangu, kwa hiyo mimi nanyamaza."

Hakunyamaza. Aliendelea kusema kwamba mtaani wako wanaodai fundi ana nyumba ndogo. Yeye haamini, kwa sababu mwanaume mwenye nyumba ndogo haamki na maranda kwenye nyusi.

Kila siku mchana fundi hufunga kazi na kwenda nyumbani. Hakosi. Hupitia mboga na mkate, huingia ndani ya ua wenye vyumba vinane vinavyotazamana, na hupiga hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Hodi hiyo ndiyo iliyomtia mwandishi, aliyefuatana naye siku hiyo, wasiwasi kuliko benchi.

Mkewe ni msusi. Huketi kizingitini kwenye kigoda na mteja mbele yake, na mtoto wa miezi minne amelazwa kwenye kitambaa pembeni, akirusha miguu. Mtoto huyo wa kike wanamwita Bosi kwa sababu, kama anavyosema mama yake, tangu aingie kwenye chumba hiki hakuna aliyelala bila ruhusa yake.

"Shikamoo, mama," fundi anamwamkia mama mkwe wake, anayechambua mchele ndani mchana na kulala kwa jirani usiku.

"Marahaba, baba. Umeamkaje huko?"

Neno "huko" linabaki hewani kidogo. Fundi anaweka mboga chini.

Chumba ni cha futi kumi kwa kumi, na ukiingia huoni chumba, unaona kitanda. Ni cha sita kwa sita, mbao nzito nyekundu, ubao wa kichwani umechongwa majani na matunda. Alikitengeneza kabla ya ndoa, humuhumu ndani, na hakutumia hata boliti moja. Kila mbao imechongwa ikaingia kwenye tundu la mwenzake, ikapigwa gundi. Mafundi walikuja kukitazama. Mmoja alisema kitanda hicho hakitafunguka mpaka siku ya kiama.

Wakati ule ilikuwa sifa. Sasa ndiyo taabu yenyewe. Kitanda hakipiti mlangoni, hakifunguki, na baada ya kabati, jiko na ndoo, pengo lililobaki pembeni yake halimtoshi hata mtu mwembamba kugeuka. Mtu aliyetengenezea nusu ya mtaa vitanda vya watoto hana pa kuweka cha mwanawe.

"Si kwamba hatujajaribu," anasema mkewe, mikono yake ikiendelea kusuka. "Muuguzi wa kliniki alisema mtoto alale chali, kwenye mahali pake, karibu na mimi, asilale katikati yetu. Sawa. Mahali pake wapi? Mama wa chumba cha pili akasema mtoto analala katikati ya wazazi wake, ndiyo raha ya kuzaliwa. Mama yangu akasema ukutani. Tukamweka ukutani, ukuta una baridi. Tukamweka kwenye beseni, akajigonga. Tukahamisha mito, tukahamisha kichwa kikaja miguuni. Kuna asubuhi niliamka sijui kichwa changu kiko upande gani wa nyumba."

Mteja aliyesukwa nusu kichwa akacheka mpaka nywele zikamponyoka msusi.

Fundi amembeba mtoto wakati wote huu. Amembeba akiwa amesimama. Anamrusha kidogo, anampigia mluzi, anamwonyesha majani yaliyochongwa. Ni baba mwenye furaha, hilo halina ubishi. Lakini kichwa cha Bosi kinapoanza kulemea begani na macho kufumba, fundi anavuka chumba kwa hatua mbili na kumkabidhi kwa mama yake kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Kisha anachukua ndoo, anatoka kwenda bombani. Kitandani hakukaa hata kidogo. Alikula mkate wake amesimama.

"Umeona?" mkewe anauliza kwa sauti ya chini. "Usiniulize mimi, maana na mimi ningependa kumpata wa kumuuliza."

Anachokijua yeye ni hiki. Asubuhi moja, mtoto ana miezi miwili, maji yalitoka mapema. Akamwacha mumewe na mtoto wamelala, akaenda kuchota. Aliporudi alimkuta mume amekaa pembeni ya kitanda, amemkumbatia mtoto, uso umemkunjamana, anatetemeka. Alimwuliza kuna nini, akajibiwa hakuna. Jioni ile fundi akatuma salamu kwamba kazi zimembana, atalala karakana.

"Alichukia kuachiwa mtoto," anasema. "Mimi ndivyo nilivyoelewa. Wanaume wengine ni hivyo, mtoto ni wa kuchezea akiwa ameoga. Basi, tangu hapo simwombi kitu. Akija nampa mtoto kama akitaka, akimrudisha nampokea."

"Na mimi nilimwambia asimbembeleze," anaongeza mama mkwe kutoka ndani. "Mwanaume aliyetoka kitandani kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake. Au hatarudi."

Msusi anavuta uzi wa nywele kwa nguvu kidogo, na mteja anasema "Aah!" kwa niaba ya wote.

Alasiri, karakanani, mwandishi alimweleza fundi jambo moja tu: kwamba hatapeleka maneno ya mke kwa mume wala ya mume kwa mke, lakini makala ya mtu anayelala juu ya benchi bila sababu haitaeleweka kwa msomaji. Fundi alipiga msasa ubao uleule kwa muda mrefu, ubao ambao ulikuwa umeshalainika kabisa.

"Nilimlalia," akasema.

Brashi ya Shangazi ikasimama.

Aliongea bila kuinua macho. Usingizi wake ni wa pono, tangu utotoni. Mama yake alikuwa akimmwagia maji ili aamke. Asubuhi moja aliamka, mkewe hayupo, mtoto amenyamaza kabisa kando yake. Na mkono wake mwenyewe, huu wa kulia, uko juu ya mtoto.

"Huu mkono unaubeba ubao wa futi nane," alisema, akiuinua tuone. "Ulikuwa umelala juu ya kitu kidogo kama mkate. Sikujua umekaa pale muda gani. Nilidhani usiku kucha. Nikaweka sikio puani kwake, sikusikia kitu, kwa sababu moyo wangu ulikuwa unapiga kelele. Kisha akapiga chafya. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama ile chafya."

"Na mkeo hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mama Bosi, nilikaribia kumuua mwanao? Akishajua, atalala tena? Nikaona dawa ni kuuondoa mkono. Na mkono hauondoki peke yake, unaondoka na mwenyewe."

Shangazi alifuta macho kwa kiwiko, akajipaka vanishi shavuni. Kisha akakasirika.

"Mjinga wewe," akasema. "Umekaa hapa unauza vitanda vya watoto, unawachorea watu chaki, na wako analala kwenye nusu ya godoro na mama anayeogopa kujigeuza. Ukate kitanda!"

Fundi akamtazama kama aliyeambiwa akate mguu.

Jumamosi alikata. Asubuhi aliingia uani na msumeno mkubwa, patasi na nyundo, bila kumwambia mtu neno. Mwandishi alikuwapo kwa sababu Shangazi alimtumia ujumbe, na Shangazi mwenyewe alikuwapo kwa sababu, alisema, vanishi ya kwanza ya kitanda kile aliipaka yeye, hivyo ana haki ya kukizika.

Fundi alitoa godoro, akalisimamisha uani. Alichora mstari wa penseli kutoka kichwani mpaka miguuni, futi nne upande huu, futi mbili upande ule. Alipiga magoti na kuanza kukata ubao wa kichwani, katikati ya majani aliyoyachonga mwenyewe.

Sasa hebu, mpenzi msomaji, jiweke kwenye nafasi ya jirani. Mume hajalala nyumbani kwa muda mrefu. Anakuja na msumeno. Godoro liko nje. Ndani kitanda cha ndoa kinakatwa vipande viwili.

"Wanaachana!" mama wa chumba cha pili aliwahabarisha wenzake. "Wanagawana mpaka kitanda!"

Milango saba ilifunguka. Mteja wa msusi, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, alisimama ili aone vizuri. Mtu mmoja aliuliza nani atachukua godoro. Mama mkwe alikaa juu ya gunia la mchele, akashika tama.

Msusi alikuja mlangoni na mtoto kifuani. Alimtazama mumewe, kisha akautazama mstari wa penseli.

"Kama umeamua kuondoka, Baba Bosi, sema kwa mdomo," alisema. "Usinisemee kwa msumeno."

Fundi aligeuka, uso umejaa vumbi la mbao. Kwa kweli hakuwa ameelewa.

"Niondoke niende wapi?"

"Huko unakolala."

"Mimi nakata ili nirudi!"

"Unakata kitanda ili urudi kitandani?" aliuliza yule mteja, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Ndipo siri ikamtoka, mbele ya ua mzima, mtu ambaye alishindwa kuisema mbele ya mkewe peke yake. Kwamba asubuhi ile ya maji aliamka mkono wake uko juu ya mtoto. Kwamba alimlalia. Kwamba hakuogopa kelele wala kazi haikumbana wala hana mtu popote, anauogopa mkono wake tu. Futi mbili zilizokatwa ni za mtoto, azungushiwe fito, asifikiwe na mtu.

Msusi alikuwa amemkodolea macho.

"Mkono upi?"

"Huu."

"Kiganja kilikuwa tumboni kwake?"

"Tumboni. Umejuaje?"

"Nilikiweka mimi," alisema.

Msumeno ulikuwa bado umekwama kwenye ubao, unatikisika wenyewe.

"Maji yalikuwa yametoka na ndoo zote tupu," mkewe aliendelea, sauti inapanda na kushuka. "Wewe umelala kama gogo. Nikaogopa mtoto asije akasogea akaanguka. Nikauchukua mkono wako, mzito, nikauinua kwa mikono miwili, nikamwekea. Nikasema moyoni, haya, baba yake amemshika. Nikaenda. Sikukawia, ndoo mbili tu. Niliporudi nikakuta umekunja uso, nikajua umechukia kuachiwa."

"Kuachiwa?"

"Kuachiwa mtoto."

"Mimi?"

Waliangaliana. Mwandishi amehudhuria mikutano mingi ya watu wasioelewana, lakini hajawahi kuona watu wawili wakielewana na kuchanganyikiwa zaidi. Fundi alikaa chini kwenye vumbi la mbao. Mabega yalimtikisika, na haikujulikana ni kicheko au kilio. Alipoulizwa baadaye, hata yeye hakuwa na uhakika.

"Mbona hukuniambia?" alisema.

"Mbona hukuniuliza?"

"Usiku wote ule kwenye benchi..."

"Na mimi usiku wote ule hapa, nimelala ukingoni, nafikiri nimekukosea nini."

Mama mkwe aliinuka kwenye gunia. Yeye, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akisema mwanaume habembelezwi, alisimama kidogo mbele ya mkwewe.

"Nami nilimshauri vibaya mwanangu, baba," alisema. "Unisamehe." Kisha akachukua ufagio na kuanza kufagia vumbi, na majirani wakaelewa kwamba maonyesho yamekwisha.

Likabaki suala la kitanda. Msumeno ulikuwa umeshafika katikati ya ubao wa kichwani, kati ya jani na tunda. Fundi alipapasa mkato ule kwa kidole.

"Kwa hiyo niliogopa bure," alisema. "Na kitanda nimekikata bure."

"Si bure," Shangazi alidakia. "Kama usingizi wako ni huo, siku ile mkono aliuweka mkeo, kesho utauweka mwenyewe."

Msusi aliafiki, japo kwa aibu. Alisema muuguzi angejua kwamba alimwacha mtoto chini ya mkono wa mtu aliyelala, angemfokea mbele ya foleni nzima, na angekuwa na haki. "Mimi nilitafuta mtu wa kunisaidia, nikamtumia akiwa hajui," alisema. Kisha akamsogezea mumewe msumeno kwa mguu. "Malizia. Ila upande wa kando ya mtoto ni wangu."

Alimaliza mchana. Alizikata chaga, zile mbao za kulalia godoro, akarudishia ubavu wa kitanda kwenye futi ya nne. Zile futi mbili alizipunguza urefu, akazizungushia fito zilizokaribiana, kimo kilekile na kitanda kikubwa. Godoro walilikata kwa kisu cha mkate, mke ameshika, mume anasukuma. Vyote viwili viliingia palepale kilipokuwa kimoja, na pengo la pembeni halikupungua wala kuongezeka. Fundi alisimama akivitazama, akikuna kichwa. Kwa muda wote huo alikuwa anatafuta nafasi ndani ya chumba, na nafasi ilikuwa ndani ya kitanda.

Bosi alilazwa kwake, chali. Alitazama majani yaliyochongwa, yaliyoishia nusu. Akalala. Wakubwa wanne walibaki wamesimama wakimtazama, hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake.

Jioni haijaingia, fundi alirudi karakana kuchukua blanketi. Alikuwa bado si mtu aliyetulia. Alisema ana furaha, kisha akasema ana hasira, kisha akasema hajui hasira hiyo ampelekee nani, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanamlinda mtoto mmoja. Anasema anaogopa usiku wa leo kuliko wa harusi. Hajui kama atalala au atakaa macho akiuchunga mkono.

Mipango anayo. Kuanzia sasa kila kitanda kikubwa atakiwekea boliti, kizuri au kibaya, kwa sababu mwenye kitanda hajui lini atahitaji kukifungua. Bosi akikua atataka kuziunga tena zile futi mbili, kama gundi itakubali. Majani ya ubao wa kichwani hayatakutana sawasawa, na hilo anasema ameshalikubali. Na mteja akija kuuliza habari za mtoto mchanga, kabla ya kushika chaki atawauliza wawili hao kila mmoja anaogopa nini.

"Watakuona mwendawazimu," Shangazi alimwambia.

"Waone."

Alivua ufunguo wa karakana shingoni, akamkabidhi Shangazi. Ndio aliokuwa akiingilia humo kila jioni.

"Kaa nao wewe. Ukiniona nimekuja na blanketi, usinifungulie."

Shangazi aliutia ufunguo mfukoni. Vijana wa karakana ya jirani, waliokwisha kupata habari, walipita mlangoni wakimwita Nne kwa Sita. Fundi aliwajibu kwamba nne na mbili bado ni sita, wakahesabu upya.

"Na mmepanga vipi, basi?" Shangazi aliuliza. "Nani analala wapi?"

"Mtoto kwake. Mama Bosi katikati. Mimi ukutani."

"Ukutani!" Shangazi alicheka. "Na ukitaka kutoka?"

Fundi alilitupia blanketi begani, maranda ya mwisho yakadondoka.

"Nimeshatoka sana, Shangazi," alisema. "Nimechoka."